Jigi ya manyoya haitaki kutikiswa

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa sita hapa Minneapolis. Utotoni nilikuwa nikienda kurambaza na mjomba kwa ngalawa, yaani kukokota chambo nyuma ya chombo kinachokwenda. Chambo chetu kilikuwa manyoya meupe ya jogoo yaliyofungwa juu ya ndoana, na mshipi mjomba aliuzungushia dole gumba la mguu, mikono ikishughulika na tanga. Mwaka huu nimenunua jigi, zile ndoana zenye kichwa cha risasi, za manyoya na za nywele, zote za robo aunzi, nivue mwezi huu wa Mei besi wa mdomo mdogo (smallmouth bass) katika ziwa Mille Lacs la hapa Minnesota. Nazirusha, nazitikisa kama nilivyoona watu wakitikisa jigi za mpira, na nawaona kabisa samaki wakizifuata hadi karibu na mashua kisha wanageuka. Mwenzangu mwenye jigi kama hizo amepata saba siku hiyohiyo. Mimi sikupata hata mmoja. Nakosea wapi? Na je, nikizipeleka nyumbani zitafaa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kosa lako umelitaja mwenyewe katikati ya swali, tena kwa neno moja: unazitikisa. Jigi ya mpira haina uhai mpaka mkono wa mvuvi uipe, na ndiyo maana watu huidundisha chini, huinyanyua na kuivuta kwa mishtuko. Manyoya huja na uhai wao. Yakiwa majini hutanuka na kusinyaa kwa mkondo mdogo kabisa, hata ule unaotokana na jigi yenyewe kuzama taratibu, lakini kila unapoishtua fimbo unayalaza yote yakagandamana na ndoana kama nywele za mtu aliyeibuka kutoka majini. Samaki aliyekuwa akifuata kiumbe kinachoogelea kwa utulivu anakiona ghafla kimekuwa kijiti, naye anarudi zake. Mjomba wako hakuwa na tatizo hilo, kwa sababu mtu aliyeuzungushia mshipi dole gumba hawezi kutikisa chambo hata akitamani. Upepo ulilijaza tanga, ngalawa ikashika mwendo, manyoya yakafanya kazi yake. Ninachokuomba ufanye Mille Lacs ni kurambaza kulekule, ila sasa chombo chako ni rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, na mwendo wake uwe wa kinyonga ukilinganishwa na ule wa ngalawa.

Kabla sijaingia kwenye mbinu, nitenganishe aina za jigi hizi, maana Kiswahili chetu huita manyoya yale ya kuku na yale ya mbuzi pia, na hapo wengi huchanganya vitu viwili ambavyo majini havifanani. Ya kwanza ni jigi ya marabu. Jina limetokana na marabu, yule korongo mkubwa mwenye kipara na mfuko unaoning'inia kifuani, ambaye Waganda humwita kaloli na ambaye Kampala huonekana kila siku kwenye majalala. Zamani manyoya yake mororo ya chini ya mkia yalipelekwa Ulaya kupambia kofia na nguo za wanawake. Leo manyoya yanayouzwa madukani kwa jina hilo hutoka kwa bata mzinga, kwa hiyo usihofu kwamba unavua kwa kaloli. Unyoya huu hauna vile vikulabu vidogo vinavyoshikanisha nyuzi za unyoya wa bawa zikawa kitambaa kimoja. Kila uzi wake huelea peke yake, na ukishalowa hujinyonganyonga bila kusukumwa.

Ya pili naiita jigi ya singa, kwa sababu hufungwa kwa singa za mkia wa kulungu wa Marekani, yule mwenye mkia mweupe. Singa ni ngumu kuliko marabu, na kwa upande wa shina zina uwazi ndani, hivyo uzi ukizibana hapo hufumuka kama usinga mkononi mwa mzee wa ukoo. Ukiivuta jigi, singa hujikunja kidogo; ukilegeza, hutanuka tena. Huo ndio mchezo wake wote, nao unatosha. Hustahimili mkondo mkali, kina kirefu na meno, mambo ambayo marabu hayawezi. Zipo pia jigi za mkia wa kindi, za sungura, na za manyoya marefu ya mgongoni mwa jogoo, ambazo ndizo za mjomba wako. Hizo sitazichambua moja moja. Ukizielewa hizi mbili, nyingine utaziweka mahali pake mwenyewe.

Sasa uzito, na hapa ndipo ninapoona chanzo hasa cha kutikisa kwako. Robo aunzi ni karibu gramu 7. Katika majira unayovua, mwezi wa Mei, besi wengi wa mdomo mdogo wamepanda kwenye maji ya mita 1 hadi 3, juu ya mawe na changarawe, wakiota joto na kutafuta mahali pa kutagia. Ukirusha gramu 7 kwenye mita 2 za maji, jigi inagonga mawe kabla hujakamata mkono wa rili, na ili isikwame unalazimika ama kukokota haraka ama kuinyanyua kwa mishtuko. Uzito umekuamulia mbinu kabla hujaichagua. Nakisia kwamba jigi za mwenzako zilifanana na zako kwa rangi na manyoya, lakini kichwa kilikuwa cha gramu 1.8, ambacho kwenye pakiti huandikwa 1/16 ya aunzi, au gramu 2.7, yaani 3/32. Kichwa cha namna hiyo huzama polepole kiasi kwamba unaweza kukiendesha juu ya mawe kwa mwendo wa kutambaa na kisiguse chini. Kama kuna jambo moja tu utakalobadilisha baada ya kusoma haya, punguza risasi.

Usitegemee jedwali la mtu mwingine kujua jigi yako inazama kwa kasi gani, kwa sababu wingi wa manyoya, unene wa mshipi na hata upepo vyote huingilia. Nenda kwenye gati lenye maji maangavu ambalo kina chake unakijua, tuseme mita 2. Iloweshe jigi kwanza, iachie iende chini mshipi ukiwa huru, na uhesabu moja na moja, moja na mbili, moja na tatu, mpaka uone mshipi umelegea. Andika hesabu hiyo kwa kalamu kwenye kifuniko cha boksi lako, karibu na jigi husika. Siku ya kuvua, ukitaka jigi iende nusu mita juu ya mawe, utajua uhesabu mpaka ngapi kabla ya kuanza kukunja. Wavuvi wetu wa mshipi wa mkono walipima kina kwa pima za mikono wakati wa kuuteremsha. Hesabu ya midomo inafanya kazi ileile pale ambapo mshipi hauteremki wima.

Kurusha gramu 2 kwenda mbali ni kazi nyingine, na bila vifaa vinavyofaa utachoka bure. Fimbo iwe ndefu, kuanzia mita 2.3 hadi 2.5, ncha yake laini lakini kiuno kina nguvu. Rili iwe ya ukubwa wa kawaida wa 2500. Mshipi mkuu uwe wa kusuka, mwembamba, wa nguvu ya ratili 8 au 10, na mbele yake ufunge mita 3 hadi 5 za flurokaboni, mshipi wa plastiki usioonekana kirahisi majini, ya ratili 6 au 8, kwa sababu maji ya huko majira hayo ni maangavu na besi wa mdomo mdogo huona vizuri. Mshipi mnene ni adui kwa njia mbili: unapunguza masafa, na unakamata upepo. Ukiona mshipi umejikunja kama upinde juu ya maji, fahamu kwamba jigi haivutwi na wewe tena. Inavutwa na upepo, kwa mwendo na upande usioutaka. Simama mahali ambapo upepo unakupiga mgongoni au begani, na jigi inapokaribia kutua uguse mshipi kwa kidole ili unyooke kabla ya kuangukia maji. Kisha shusha ncha ya fimbo karibu na uso wa maji. Mambo haya matatu yakikaa sawa, nusu ya kazi imekwisha.

Mwendo wenyewe ni huu. Jigi imetua, umehesabu, unaanza kukunja. Rili nyingi za ukubwa huo hukusanya karibu sentimita 70 hadi 75 kwa mzunguko mmoja wa mkono. Zungusha mara moja kwa kila sekunde mbili, bila kusita na bila kuongeza, na uishike fimbo kana kwamba umeshika kikombe cha chai kilichojaa mpaka ukingoni. Kila baada ya mita chache utahisi kichwa kikigusa jiwe, mguso mwepesi kama kucha juu ya meza. Huo ni mguso mzuri, unakwambia uko kwenye kina kinachofaa. Inua ncha ya fimbo kwa upana wa kiganja, endelea kukunja, kisha ishushe. Ukigusa mfululizo, ongeza mwendo kidogo au badilisha kichwa. Usipogusa kabisa mara nne au tano mfululizo, ongeza hesabu.

Utaona ni kazi ya kuchosha, na kweli inachosha, hasa kwa mtu aliyezoea kuuona mkono wake ukifanya jambo. Mwaka wangu wa kwanza kuvua kwa marabu nilikuwa nikijikuta nimeanza kutikisa bila kujua, kama mtu anayetikisa mguu akiwa ameketi. Dawa niliyoipata ilikuwa kuubana mwisho wa fimbo kwenye mbavu kwa kiwiko na kuiacha hapo. Ni dole gumba la mjomba wako kwa namna nyingine.

Tuje kwa wale wanaofuata na kugeuka, maana hao ndio waliokuumiza roho. Asubuhi moja tulivu kwenye ziwa hilohilo, maji yakiwa na nyuzi 10 hivi za Selsiasi na nimevaa miwani ya kukata mng'ao, nilimwona besi akitoka nyuma ya jiwe lenye ukubwa wa jiko la mkaa na kujipanga nyuma ya jigi yangu, pua yake ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye manyoya. Alifuata kwa mita 6 au 7 bila kupiga mkia zaidi ya ilivyohitajika. Nilisimamisha rili ili nimpe nafasi ya kuikamata; naye akasimama, akaiangalia ikizama, akageuka. Mrushio uliofuata alikuja mwingine, au pengine ni yuleyule, na safari hii sikusimama, ila nilipobakiza mita 4 hivi niliongeza mwendo kidogo tu, kama kijisamaki kilichogundua kwamba kinafuatwa. Aliimeza kwa kuifumbia mdomo tu, bila purukushani yoyote. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza, kanuni yangu kwa jigi ya marabu kwenye maji mafupi ni kwamba anayefuata haachiwi, wala hasubiriwi. Wapo wavuvi wazuri wanaopenda kusita kwa nusu sekunde, nao wanapata samaki. Mimi naona kusita kunawafaa zaidi pale maji yanapokuwa na ukungu na samaki hapati nafasi ya kuchunguza.

Ulaji wenyewe usiungojee kama mpigo wa nguru. Mara nyingi utahisi uzito tu, kama jigi imekusanya majani, au mshipi utalegea ghafla kwa sababu samaki ameichukua akija upande wako. Usimchape. Ndoana za jigi hizi ni za waya mwembamba na zenye ncha kali. Endelea kukunja mpaka fimbo ipinde, kisha ipeleke pembeni kwa mwendo mmoja laini. Mchapo wa nguvu uliouzoea kwa mshipi wa mkono ama utamchomolea ndoana mdomoni ama utakata flurokaboni kwenye fundo. Breki ya rili nayo iwe laini kiasi cha mshipi kutoka ukiuvuta kwa mkono bila kukuumiza.

Kwa nini samaki huyu akubali kitu kisichofanya lolote? Kwa sababu vingi anavyokula majira hayo havifanyi lolote. Ruba huogelea kwa mawimbi ya mwili mzima, polepole, bila mshtuko, na jigi nyeusi ya marabu yenye urefu wa sentimita 6 au 7 inamfanana ruba kuliko kitu chochote cha mpira nilichowahi kukiona. Tena vifaranga vya besi wa mdomo mdogo wenyewe, wanapoinuka kutoka kwenye kiota, huwa weusi kama masizi, na besi wengine hawana haya ya kuwala. Ndiyo maana nyeusi ndiyo rangi ninayoanza nayo Mille Lacs kabla na baada ya kutaga, jambo ambalo huwashangaza wageni wanaokuja na boksi lililojaa rangi za harusi. Kahawia na kijani cha zeituni huja baadaye, kwa ajili ya kamba wa ziwani, na nyeupe huifaa siku ambayo kuna vijisamaki vingi karibu na uso wa maji. Zaidi ya rangi hizo nne sibebi.

Majira nayo yaangalie kwa kipimajoto zaidi ya kalenda. Mille Lacs ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 500, lakini kina chake hakifiki mita 14 popote, kwa hiyo hupata joto kwa kasi ya kushangaza kwa ziwa kubwa kiasi hicho. Barafu kwa kawaida huondoka mwishoni mwa Aprili. Maji yakiwa kati ya nyuzi 7 na 13 za Selsiasi, marabu ndiyo mfalme. Yakifika 15 na kuendelea, besi huanza kutaga, na dume hulinda kiota kwa ukali kiasi kwamba atakamata chochote. Mimi huwaacha wakati huo, maana dume akiondolewa hata kwa dakika chache, samaki wadogo huvamia mayai.

Jigi zako za gramu 7 usizitupe, hasa zile za singa. Zina kazi yake kuanzia katikati ya majira ya joto, samaki wanapoteremka kwenye mita 5 hadi 9 kando ya vilima vya mawe vilivyo chini ya maji, na pia mitoni kwenye mkondo. Hapo nitajipinga kidogo, kwa sababu kule chini kutikisa kuna nafasi yake. Acha jigi ifike chini kabisa, inyanyue kwa mkupuo mmoja mfupi na mkali unaoirusha kama nusu mita juu, kisha iache ianguke huku mshipi ukiwa umenyooka lakini haujakaza. Katika maji yenye joto samaki huja kwa hasira, na mara nyingi huikamata wakati inaanguka. Wavuvi wa mto Tennessee huenda mbali zaidi: kwa besi wa mdomo mkubwa wanaokusanyika kiangazi kwenye kingo za mkondo wa zamani wa mto, ndani ya mabwawa ya umeme, hutumia jigi kubwa za singa zenye manyoya marefu mkiani na kichwa cha gramu 14 au zaidi, wakizichupisha kutoka chini kwa mizunguko ya haraka ya rili na kuziacha zianguke. Ukitazama kwa makini, hata hivyo, utaona kwamba sehemu inayomnasa samaki ni ile ya kuanguka, yaani ile ambayo mkono umetulia na singa zimetanuka.

Jimbo la Tennessee, upande wa mashariki, ndilo lililotupa mbinu ambayo kwangu ni kilele cha uvivu wenye faida. Wakati wa baridi, maji yakiwa chini ya nyuzi 10, besi wa mdomo mdogo katika mabwawa yale yenye kingo za mwamba ulioteremka wima hukaa wakielea katikati ya maji, si juu wala chini. Mvuvi hufunga jigi ndogo ya gramu 1.8, ya manyoya ya bata au nywele bandia, mita 2.5 hadi 4 chini ya boya, na kwa sababu mshipi unaoning'inia ni mrefu hivyo hutumia fimbo inayokaribia mita 3. Kisha hulirusha boya na kuliacha. Viwimbi hulitingisha boya, boya huitingisha jigi kwa upana wa ukucha, na samaki aliyezizima kwa baridi huja kukidonoa kitu ambacho hakimkimbii. Boya likilala ubavu, mshipi hauna uzito tena, maana samaki ameiinua jigi, hapo vuta. Ukiweza kuvumilia baridi ya siku ya namna hiyo, utajifunza kuhusu manyoya kuliko nitakavyoweza kukuandikia.

Siku utakapoanza kufunga jigi mwenyewe, na nakutabiria kwamba utaanza kabla ya mwaka kwisha, kosa utakalofanya ni wingi. Kila mwanafunzi hufunga manyoya mengi kupita kiasi kwa kuwa yakiwa makavu huonekana vizuri hivyo. Chukua unyoya mmoja wa marabu, au miwili ukiwa midogo, ulambe vidole au uviloweshe ili nyuzi zilale pamoja, ukate shina, ufunge nyuma ya kichwa cha risasi kwa mizunguko sita au saba ya uzi uliokazwa, na mkia usizidi mara mbili ya urefu wa shina la ndoana, la sivyo samaki watakuwa wanang'ata manyoya tu. Iloweshe kwenye bilauri ya maji na uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Kama huwezi kuona mwanga ukipenya katikati ya manyoya, yamezidi. Chomoa mengine kwa kucha, usikate kwa mkasi, kwa sababu ncha zilizokatwa hukaa kama ufagio.

Jigi mpya haizami ipasavyo mpaka hewa itoke ndani ya manyoya, kwa hiyo kabla ya kurusha mara ya kwanza iminye chini ya maji mpaka viputo viishe. Nilimwona mtu mmoja akilalamika dakika 20 nzima kwamba besi hawali, na jigi yake kavu ilikuwa ikielea nusu mita chini ya uso wa maji katika kina cha mita 3. Ukishapata samaki, ute wake huyagandisha manyoya. Yasuuze na kuyachana kwa mswaki mkuukuu. Jioni usizifungie jigi zikiwa mbichi, kwa sababu kutu ya ndoana hupanda kwenye manyoya meupe na haitoki.

Kuhusu sheria nitasema machache. Minnesota inamtaka mtu wa miaka 16 na kuendelea awe na leseni ya kuvua, na Mille Lacs huwa na masharti yake mahususi ya samaki ambayo hubadilika, hivyo yasome kila msimu kabla hujateremsha mashua. Suala la risasi nalo ulijue. Ndege mzamiaji aitwaye luni, ambaye ndiye ndege rasmi wa Minnesota, humeza changarawe za kusagia chakula tumboni na wakati mwingine humeza risasi za wavuvi pamoja nazo, na kipande kimoja kidogo kinatosha kumuua. Jimbo la New Hampshire limepiga marufuku kabisa matumizi ya jigi za risasi zenye uzito wa aunzi 1 au chini yake. Ukisafiri kuvua upande wa mashariki, hilo ni jambo la kuuliza mapema. Vichwa vya tangisteni ni ghali, lakini ni vidogo kwa uzito uleule na hukufikishia mkononi kila mguso wa jiwe. Vya bismathi ni nafuu kidogo na hukaribia ukubwa wa risasi.

Umeuliza kama jigi hizi zitafaa nyumbani. Hizi za besi, hapana. Ndoana zake nyembamba zitanyooshwa na kolekole wa kilo 3 kabla hujasimama vizuri kwenye chombo, na unyoya wa marabu utabaki vipande baada ya samaki wa kwanza mwenye meno. Chukua badala yake vichwa vya gramu 14 hadi 28 vyenye ndoana nene isiyoshika kutu haraka, na singa nyeupe au nyeupe iliyochanganywa na buluu. Rusha kwenye ukingo wa mwamba pale maji yanapogeuka rangi, hesabu, na safari hii kunja kwa haraka, kwa sababu maji ya huko ni ya uvuguvugu na samaki wake hufukuza chakula. Mwendo uwe mmoja tu bila mshtuko, kama ule wa ngalawa. Kwa kolekole na chewa nailoni nene inatosha mbele ya jigi. Kwa nguru funga sentimita 25 au 30 za waya, maana meno yake hukata nailoni usiku na mchana. Ukirudi ufukweni suuza kila kitu kwa maji ya bomba. Na kama utapitia Kenya, beba pakiti ndogo ya zile za gramu 3.5 za marabu nyeusi: besi wa mdomo mkubwa wamo Naivasha tangu walipoletwa kutoka Marekani katika miaka ya 1920, na kando ya mafunjo hawatambui kwamba jigi hiyo ni ngeni.

Mjomba wako mpelekee singa nyeupe za mikia miwili ya kulungu, ambazo maduka ya vifaa vya kufungia jigi huziuza zikiwa tayari zimesafishwa na kukaushwa. Azifunge juu ya ndoana yake ileile, mahali pa manyoya ya jogoo, kisha akuandikie zimedumu kwa nguru wangapi.